Mwalimu Nassor Hakulewa

Mwalimu Nassor alianguka msikitini, katika sala ya alasiri, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisalisha. Alisujudu vizuri, akainuka na takbira yake, lakini kabla hajanyooka magoti yakalegea, akapomoka kama gunia la makonyo ya karafuu. Waliokuwa nyuma yake wakakata sala wakamkimbilia. Alipolazwa chali akafumbua macho, akauliza kwa nini watu hawasali.

Mkewe, Bi Time, aliletewa mume akiwa ameegemezwa begani kwa Kificho, kaka yake Time. Hakupiga kelele. Tangu msimu wa karafuu uliopita alikuwa akiona mambo ambayo hakuyatia mdomoni. Wachumaji wenzake Mwalimu wakishuka mikarafuuni mashati yanachuruzika jasho. Lake yeye kavu, na ngozi yake ukiigusa inaunguza kama kigae cha jikoni. Mkono wa kulia ulianza kukakamaa. Ile sauti iliyokuwa ikisikika mpaka kisimani ikawa nzito, maneno yakigongana. Na sasa, tangu siku chache zilizopita, Time alikuwa akiamka anakuta shuka limerowa, naye Mwalimu kakaa ukingoni mwa kitanda, uso kaugeuzia ukutani.

“Nisitiri, Time,” alimwambia. “Mie ninayesomesha watu tohara ya sala leo nashindwa kujizuia kama mtoto. Neno hili lisivuke kizingiti.”

“Halivuki, Mwalimu.”

Baada ya kuanguka aliacha kusalisha. Hakutoa sababu, na kijiji kizima cha Shumba kikajitungia yake. Mtu anayumba, ulimi mzito, anaanguka, kisha anaukimbia msikiti: kama si ulevi wa tembo la mnazi ni nini? Lisemwalo lipo, wakasema.

Kwanza walimwita mganga, akasema ni pepo, anataka nyungu. Mwalimu akafunikwa kwa shuka zito juu ya chungu kinachochemka. Mtu mwengine angetoka hapo katota jasho, kapata nafuu. Mwalimu hakutoa hata tone. Walipomfunua alikuwa anaweweseka, mwili moto, macho yamepinduka. Time aliusukuma mbali mkono wa mganga, akammwagia maji mpaka akarudiwa na fahamu. Asubuhi yake wakampeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana wa Unguja, mpole wa maneno. Alimlaza Mwalimu akampima presha ya damu, kisha akamsimamisha ampime tena. Hakumaliza. Mwalimu alimwangukia kifuani.

“Mtu akisimama,” daktari alieleza baadaye, “damu hutaka kubaki miguuni. Kuna mishipa ya fahamu inayoisukuma ipande kichwani. Hiyo hiyo ndiyo inayotoa jasho, ndiyo inayofunga na kufungua kibofu. Hufanya kazi bila ya mtu kuiamrisha. Yako inakufa, Mwalimu, pamoja na ile sehemu ya ubongo inayoongoza viungo.”

“Si pepo?” Time akauliza.

“Si pepo, bibi. Wala si tembo, kama kuna aliyekwambieni hivyo.”

“Na dawa yake?”

Daktari akatazama chini. “Ya kuponya sina, wala sijamsikia aliye nayo.” Akawaagiza chumvi nyingi katika chakula, kitanda kiinuliwe kichwani kwa mawe, akae kitako kwanza kabla ya kusimama, asipigwe na jua.

Walipofika nyumbani Time akasema, “Sasa tuwaambie watu.”

“Uwaambie nini? Habari ya kibofu?” Mwalimu akatweta. “Mwaka mzima wamesali nyuma yangu, Time. Kila mmoja atakaa akijiuliza kama imamu wake alikuwa na tohara, na sala zake zilikuwa za namna gani. Wallahi kusalisha nimeacha siku ile ile nilipojishuku, lakini nani ataniamini? Bora waniite mlevi. Mlevi hutubu.”

Time akatoka kutafuta mawe ya kuinulia kitanda. Watoto wa chuo chake cha Kurani wakaanza kupungua, mmoja mmoja, hata barazani kwake likabaki jamvi tupu. Time akawa anafua mashuka kabla jirani hawajaamka, anayaanika nyuma ya nyumba. Ndipo Kificho akaja, mchana, watu wamekaa barazani kwa Bi Masika, nyumba ya pili.

“Funga vitu vyako twende,” akasema kwa sauti ya kusikika. “Ukoo wetu haulishwi na mlevi. Talaka yako nitaitafuta mimi kwa kadhi.”

“Kaka, nakuomba, punguza sauti.”

“Niipunguze nini? Mumeo anaipunguza akenda ulevini?”

Hapo Time akawageukia waliokaa barazani. “Mume wangu mgonjwa!” akapiga ukelele. “Mishipa yake inakufa! Jasho halimtoki, akisimama anazirai, mkojo unamtoka usingizini na mimi ndiye ninayemfulia! Mmeridhika sasa?”

 Chumbani, nyuma ya pazia, Mwalimu alikohoa mara moja tu.

Watu walirudi, wakalia, wakaomba radhi. Bi Masika akawa analeta uji wenye chumvi. Watoto wakarejea na juzuu zao, wakisomeshwa na mtu aliyelala. Kificho mwenyewe ndiye aliyeyapanga upya yale mawe ya kitanda. Lakini vilevile ikasikika kwamba Mzee Jecha, pembeni mwa msikiti, analipa sala za mwaka mzima alizosali nyuma ya Mwalimu. Habari hiyo ilimfika Mwalimu. Akafumba macho.

Tangu siku ile ya baraza hakuwa na maneno na mkewe. Akimpa maji, anakunywa. Akimuuliza, anatikisa kichwa. Na sauti nayo ilikuwa inakwisha, hata watoto walimwinamia kinywani wamsikie. Time hakujua hiki kimya ni cha hasira au ni cha maradhi, na aliona haya kuuliza.

Siku moja ya kiangazi, kabla ya Ramadhani, joto lilimzidi. Time alimtandikia kitambaa kibichi kifuani, akakibadilisha tena na tena. Mwalimu akamkamata kidole kwa ule mkono uliokakamaa, midomo ikachezacheza. Time akainama, akaweka sikio. Akasikia pumzi tu.

“Labeka, Mwalimu,” akajibu, kama aliyesikia neno zima, akabaki ameinama vivyo hivyo mpaka ile pumzi ikakoma.