Kwa Nini Persefoni Alikula

Wanafunzi wa Mwalimu Asimina walikuwa na jibu moja kwa hekaya zote za kale za Ugiriki: majivuno. Kijana karuka na mabawa ya nta mpaka karibu na jua, akaanguka: majivuno. Binti kashindana kufuma na mungu wa kike, akageuzwa buibui: majivuno. Hata walipofika kwa yule mwimbaji aliyegeuka nyuma kumtazama mkewe njiani kutoka kuzimu, Maruso, msichana wa dawati la mbele, alisimama akajibu bila kupepesa, "Dhamira ni majivuno ya mwanadamu na adhabu ya miungu."

Sentensi hiyo walilishwa kwenye twisheni ya jioni pale bandarini, nao wakaimeza nzima nzima, maana mtihani huipenda. Asimina hakuwalaumu. Yeye mwenyewe alisoma hivyo hivyo, akikariri mpaka kwenye basi.

Jumatatu hiyo aliingia darasani moyo mzito. Walimu wasio na kituo cha kudumu hupangwa kila Septemba mahali popote penye pengo, na safari hii pengo lilikuwa kisiwani Kithnos. Akamwacha binti yake Argiro, mtoto wa miaka mitatu, kwa mama yake huko Karditsa, "mpaka nipate chumba kisichovuja." Chumba kilishapatikana, lakini kila akitaja kwenda kumchukua mtoto, mama yake alisema ngoja upepo utulie, ngoja kikohozi kimwishe. Kisha Jumamosi, simuni, akamsikia Argiro akimwuliza bibi yake, "Mama, nani huyo anaongea?"

Asimina alikata simu, na tangu hapo hakuipokea tena. Alishakata shauri: Ijumaa angepanda meli akamchukue mwanawe, na ugomvi na uje.

"Leo neno majivuno ni marufuku," aliwaambia wanafunzi. "Atakayelitamka atafuta ubao wiki nzima."

Iakovos, ambaye mdomo wake haujui likizo, akauliza, "Sasa tutasema nini, Mwalimu?"

"Utasema unachofikiri."

"Ndicho nilichokuwa nakiogopa."

Walipomaliza kucheka akawasimulia. Persefoni, binti wa Demeta mwenye nafaka zote, alikuwa akichuma maua, ardhi ikapasuka na mfalme wa kuzimu akamchukua. Mama yake akagoma. Ngano ikakauka, watu wakalala njaa, mpaka miungu ikaamuru mtoto arudishwe. Lakini kule chini Persefoni alishakula punje za komamanga, na kuzimu kuna haki juu ya aliyekula huko. Ndiyo maana kila mwaka hukaa kwa mama yake kwa muda, kisha hurudi kule, na Demeta huacha mashamba yakauke.

Kabla Asimina hajauliza swali, mkono wake ulishaandika ubaoni: *Mtoto aliibwa.* Watoto wakainama kunakili.

Nyuma kabisa kuna mtu alikuwa akitafuna.

"Nomikos, unakula nini?"

"Koliva, Mwalimu." Nomikos akainua kifuko cheupe cha karatasi. Jana yake ilikuwa arobaini ya babu yake, na kanisani kila mtu aligawiwa ngano ya kuchemsha yenye sukari, zabibu kavu na punje za komamanga. "Nimekikuta mfukoni mwa koti. Samahani."

"Kula tu, mwanangu. Mungu amrehemu."

"We, angalia," Maruso akamwambia, "humo mna komamanga. Utabaki na babu yako huko huko."

Utani ulikuwa umepita mpaka. Nomikos akatafuna polepole, akameza.

"Sibaki," alisema. "Nakula kwa sababu ni ya babu. Ukikataa ni kama umesema humjui. Labda na Persefoni ndivyo. Kila siku anaandaliwa meza, kila siku anakataa. Mwishowe akaona haya. Akawazoea."

"Kwa hiyo akamsaliti mama yake," alisema Iakovos.

"Kwani anayekula kwa bibi yake anamsaliti mama yake? Mimi mama yangu yuko jikoni hotelini kutwa nzima, nalishwa na bibi. Wakati mwingine nachanganya, namwita bibi mama. Mama anacheka tu. Anajua mimi ni wake."

Asimina alishika ukingo wa meza.

"Mimi namlaumu Demeta," Maruso akadakia. "Si angeshuka naye? Akae na mwanawe, ale nao, aone analala wapi. Yeye kabaki juu anakausha mashamba ya watu."

"Angekufa, mjinga we," alisema Iakovos.

"Mungu hafi, mjinga mwenyewe. Alikataa kushuka kwa sababu ya maj—"

"Ubao!" darasa zima likapiga kelele, na Maruso akajifunika uso kwa mikono.

Asimina alicheka mpaka machozi yakamtoka, akashukuru kwamba kicheko kilikuwepo cha kuyasingizia. Akageuka, akafuta maneno yake mwenyewe, akampa Maruso chaki. "Andika wewe. Mwenzio Nomikos amesema nini?"

Maruso akafikiri, ulimi nje, kisha akaandika: *Anayekulisha unakuwa wake kidogo, na kwa mama yako hupungui.*

Wakati wa mapumziko Asimina alisimama ukutani mwa uwanja, mahali upepo haufiki, akapiga simu Karditsa. Ilipokelewa kabla haijaita vizuri.

"Umekula?" mama yake akauliza, kama kawaida yake.

"Bado. Mama, Ijumaa nakuja."

"Nguo zake nimeshazikunja." Sauti ilikuwa ndogo. "Sikumfundisha mimi kuniita vile, Asimina. Picha yako namwonyesha kila jioni."

"Najua, Mama. Nakuja kuwachukua wote wawili. Chumba ni kidogo, tutabanana mpaka Krismasi. Akinizoea tena, utarudi, na likizo atakuwa wako."

"Na kuku wangu?"

"Si Baba yupo?"

"Baba yako huyu anayeunguza maji?" Lakini alikuwa akipenga kamasi. "Argiro, njoo. Ni mama yako. Tunakwenda kwake."

Ikasikika pumzi karibu na simu, ya mtu mdogo anayepima mambo.

"Huko kuna kijiko changu?"

"Kipo," alisema Asimina, ambaye hakuwa na kijiko chochote cha mtoto, na kengele ilipolia alikuwa anawaza ni duka gani pale bandarini linaloweza kuwa nacho.