Chumvi ya Kutosha

Wote wawili walipika sabuni hapa Kindu kwa mawese na maji ya majivu. Ya Sudi ilichotwa kwa kijiko. Ya Onema iliganda, kwa kuwa alitia chumvi, na serikali ikampa hati: njia hiyo ni yake, mwingine asiiguse. Hata Zawadi, mke wa Sudi, alifulia ya Onema. Wahenga walisema hasira hasara. Wivu hawakuutaja, nadhani kwa aibu.

Sudi akashitaki. Hati ikianguka, naye atatia chumvi na kuuza sabuni ya miche. Mkaguzi wa serikali alipofika, Sudi alimwekea kidole kwenye mstari mmoja wa hati.

"Sitwayen mukaguzi, hapa wameandika chumvi ya kutosha. Kutosha njo ngapi? Muntu hawezi kukatazwa kitu chenye hakielezwe."

Mkaguzi alikuna kidevu. "Basi wewe mwenyewe upike, ukifuata hii karatasi tu. Ikikushinda, hati imekufa."

Sudi alifurahi mno. Hakuwahi kutia chumvi maishani mwake. Alichotakiwa ni kushindwa tu, na nani asiyeweza kushindwa?

Aliwasha moto mbele ya watu. Sabuni ilipokuwa uji mzito alitia konzi moja ya chumvi, akaweka mwiko chini. Hapo akamsikia Zawadi akimwambia jirani, "Onema angekuwa amesha kumaliza."

Ilimchoma. Aliuokota mwiko. Akatia konzi ya pili, akakoroga, akatazama uji ulivyoanza kukatika kama maziwa yaliyochacha. Akatia ya tatu, kisha nusu. Sabuni ikapanda juu, maji yakabaki chini, naye akaacha palepale. Aliiengua na kuimwaga kwenye kibao. Kesho yake waliikata kwa waya, ya manjano, ngumu, haina ufa.

"Nani alikuambia kipimo?" aliuliza mkaguzi.

"Hakuna muntu. Macho yangu," Sudi alijibu, kifua mbele.

"Kumbe mupishi anaelewa kutosha njo ngapi, bila kuambiwa." Mkaguzi akaandika kwamba hati inabaki.

Onema aliuchukua mche mmoja, akaunusa, akaugonga kwa kucha. Uso wake ulikunjamana kwa kijicho alichoshindwa kukificha.

"Ndugu yangu Sudi," alisema, "hii inapita yangu."

Miaka minne Sudi alikuwa akiyangoja maneno hayo. Zawadi alimwondolea sufuria mafigani, kwa kuwa Sudi hakuruhusiwa kupika tena sabuni hiyo ya chumvi.