Shangazi wa Nthambi

Loise Malemba alikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi ya shamba la mkonge kwa miaka kumi na saba, hadi siku kampuni ilipopunguza wafanyakazi na jina lake likatoka la tatu kwenye orodha. Hakuwa na mume wala mtoto. Nduguze wa Werugha walimwambia arudi mlimani alime kabichi, lakini alishalizoea joto la Voi, na tena aliona haya kurudi nyumbani na sanduku moja. Ndipo mwaka 1995 akachukua kazi ambayo wawili kabla yake walikuwa wameikataa: kufundisha wasichana wa makao ya watoto, nje ya mji, upande wa barabara ya Mraru.

Wasichana wale waliletwa na polisi au na mahakama ya watoto. Wengine waliokotwa kwenye vituo vya malori, wengine walikimbia makwao na hawakutaka kuulizwa kwa nini. Wakitimiza miaka kumi na minane, sharti waondoke. Kazi ya Loise ilikuwa kuhakikisha kwamba wakitoka wana pa kwenda. Aliwafundisha kuandika barua ya kuomba kazi, kufika mapema, kuketi mbele ya tajiri mwenye kazi bila kuuma kucha, kukosolewa bila kununa. Wenyewe waliliita "somo la adabu", kwa kebehi kidogo, ila hawakulikosa.

Aliishi palepale, katika chumba cha mwisho cha bweni. Jioni aliwasikia wakicheka ng'ambo ya ukuta, na akipita mlangoni pao kicheko kinakatika. Alijiambia kwamba ndivyo ilivyo kwa mwalimu, na akaendelea kujiambia hivyo miaka miwili mizima.

Aliyemwingia moyoni ni Nthambi. Alikuwa ameletwa akiwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa na tatizo moja lililowachosha walimu wote: akiogopa, anacheka. Akiulizwa jina, anacheka. Akigombezwa, anacheka zaidi, huku macho yamemtoka kama anayezama majini.

Ili kumzoeza, Loise aliketi nyuma ya meza akajifanya tajiri. Nthambi aliingia, akasalimu, akacheka. Akatolewa nje, akaingia tena. Walifanya hivyo wiki baada ya wiki.

"Vuta pumzi," Loise alimwambia. "Weka mikono mapajani. Nitazame hapa, katikati ya nyusi. Machoni si lazima."

Siku alipofaulu, alijibu maswali yote bila meno kuonekana. Loise akafunga daftari.

"Nimemaliza, mwalimu?"

"Umemaliza. Waweza kwenda."

Nthambi hakuondoka. "Naweza kukaa kidogo?"

Wakakaa. Loise hakukumbuka ni lini mtu alimwomba akae naye bila shida yoyote.

Mwezi wa tatu mwaka 1997 Nthambi aliitwa kwenye nyumba ya wageni pale mjini kwa kazi ya kutandika vitanda. Alirudi mapema mno.

"Mama mwenye nyumba alinisifu," alisimulia. "Akasema nina sauti nzuri. Kisha akaniuliza naishi wapi, nikamwambia. Mkoba wake ulikuwa kwenye kiti karibu yangu. Akauchukua akauweka mapajani."

"Akasema nini?"

"Kwamba atatuma habari." Nthambi alikuwa akicheka sasa, kile kicheko cha zamani. "Ulitufundisha tuseme ukweli, mwalimu. Nimesema."

Meneja wa makao, Bwana Donald, alikuwa na kanuni asiyoichezea: tajiri lazima aambiwe kwa barua msichana anatoka wapi. Loise mwenyewe ndiye aliyekuwa akiziandika zile barua. Akaandika nyingine, akamkabidhi Nthambi aipeleke kwenye duka la vitambaa la Abdulghani, ambako mke wake, Bi Salme, alitafuta msaidizi.

Safari hii Nthambi alirudi alasiri, akaketi kwenye ngazi ya bweni, barua ingali mkononi na bahasha yake haijafunguliwa.

"Nimepata kazi," alisema.

"Na barua?"

"Sikuitoa. Nimesema naishi na shangazi."

"Shangazi gani?"

"Wa kutunga." Alitazama chini. "Nimesema ndiye aliyenilea, akanifunza kusalimu na kukaa na watu. Mwalimu, nakuomba kitu. Usije dukani. Ukija, usinijue."

Loise alijua wajibu wake ni kwenda ofisini kwa Bwana Donald. Badala yake aliichukua ile barua, akaenda nayo jikoni, akaitia motoni. Wiki mbili baadaye alitia sahihi fomu ya kumtoa Nthambi, akamsindikiza hadi langoni. Msichana alikuwa amekodi chumba mtaa wa Kaloleni na mwenzake. Walipeana mikono kama watu wazima, na Loise akabaki ameshika lango.

Miezi ikapita. Akiwa na haja ya mjini, Loise alizunguka upande wa stesheni ili asipite mbele ya lile duka. Lakini Jumamosi moja ya mwezi wa nane, moyo ulimshinda. Alijiambia anahitaji kitambaa cha pazia.

Nthambi alikuwa nyuma ya kaunta, kilemba kimemkaa vizuri. Alimwona. Mikono ikasita juu ya jora, kisha ikatulia.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

Macho yalikuwa katikati ya nyusi za Loise.

"Pazia," Loise alisema. "La dirisha dogo."

Bi Salme aliketi kando akijipepea. Alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. "Huyu mwanangu atakuhudumia vizuri," alisema. "Hebu tazama anavyopima, hapunji wala hazidishi. Nimepata wasichana wengi, bibi, lakini huyu kalelewa. Ana shangazi yake, mtu wa huko milimani nadhani. Kila siku namwambia, mlete nimwone nimpe mkono, yeye ananambia mgonjwa."

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa. Loise aliona midomo ya Nthambi ikianza kutetemeka pembeni, na akajua kicheko kiko njiani. Neno moja tu lilitosha: ndimi. Alilitaka neno hilo kama mtu mwenye kiu.

"Mpe pole huyo shangazi yako," alimwambia msichana polepole. "Mwambie amefanya kazi nzuri."

"Nitamwambia," Nthambi alijibu. Hakucheka. Alikata kitambaa mpaka mwisho, akakikunja, akakifunga kwa gazeti. Walipopokezana, vidole vya msichana vilibaki juu ya vile vya mwalimu kidogo kupita desturi, basi.

Loise alirudi kwa miguu, jua likimchoma kisogo, analia bila kujifuta kwa kuwa barabara ilikuwa tupu.

Mwezi wa kumi na moja ilikuwa zamu ya msichana mwingine, Syombua, kutoka. Walipokuwa wakijizoeza, alimuuliza, "Mwalimu, wakiniuliza naishi wapi, niseme nini?"

"Sema ukweli," Loise alisema. "Lakini hutaenda peke yako. Nitakaa kando yako, na kama mtu ana la kuuliza juu ya makao, aniulize mimi."

Bwana Donald alinung'unika kuhusu saa za kazi, lakini hakumzuia. Walikataliwa mara mbili, wote wawili, wakarudi wote wawili. Mara ya tatu mama mmoja mwenye hoteli alimtazama Loise kwa muda mrefu, akauliza kama msichana anajua kupika maharagwe. Syombua akaanza Jumatatu.

Kuhusu Nthambi, Loise alisikia kwamba Abdulghani amefungua tawi Taveta na kumpa alisimamie. Kabla ya Krismasi alimwona kwa mbali, anaelekeza wapagazi wapange majora juu ya pikapu, sauti yake thabiti, watu wazima wakimtii. Loise alisimama kivulini mwa duka la dawa hadi gari likaondoka. Kisha akaingia, akanunua dawa ya kichwa aliyoijia, akarudi makaoni.