Mbegu Katika Friji la Bucha

Foleni ya nyama Kariakoo ilikuwa imeshapinda kona pale Agnesi, kibarua wa bustani ya miche ya serikali, alipotokea mlango wa uani wa bucha ya Bushiri, kakumbatia furushi linalochuruzika maji.

"Mama, simama hapo!" Alikuwa Sadalla, mgambo wa mtaa. Mwaka ule wa kusaka wahujumu uchumi, hata miche miwili ya sabuni ilimtia mtu ndani. "Kilo ngapi hizo?"

"Si nyama, mwanangu. Mbegu za misonobari."

Foleni ikaangua kicheko. Bushiri alipofungua mdomo kumtetea, akaambiwa anyamaze kabla bucha haijafungwa.

Kwenye ofisi ya tawi la chama, Sadalla alikompeleka, katibu alifungua furushi, akazikodolea macho mbegu nyeusi zilizolowa. "Zianikwe juani. Ni ushahidi."

Agnesi akazifunika kwa kanga yake. "Zikikauka sasa, zimekufa. Nimeziloweka siku mbili, zilizoelea nikatupa, zilizozama nikazilaza kwenye baridi ya friji la Bushiri wiki tatu. Zikipandwa leo zitaota pamoja, si moja leo nyingine mwezi ujao."

"Serikali haina friji mpaka uende bucha?"

"Bustanini lipo moja. La soda za wageni."

Kazi hiyo Agnesi aliifahamu tangu usichana wake huko Rombo, alipokuwa akimsaidia baba yake kwenye bustani ya misitu. Hakuinamisha uso.

Katibu akapiga simu bustani ya miche, Jangwani. Bwana Filbert, mkuu wake Agnesi, alifoka mpaka sauti ikasikika mlangoni: mbegu aliagiza zipandwe kavu mwezi uliopita, zikapandwa, na taarifa ilishakwenda wizarani. Huyo mama hakutumwa na mtu.

"Umesikia mwenyewe," katibu alisema, akichukua kalamu.

"Nimesikia, ndugu katibu. Mbegu zimeshapandwa, taarifa ya serikali inasema. Sasa hapo utaandika umekamata nini?"

Kalamu ikasita hewani. Sadalla akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Ondoa uchafu wako hapa," katibu akasema.

Agnesi alitembea kwa miguu hadi Jangwani, akapanda mpaka alasiri kwenye tuta tupu ambalo taarifa ilidai limeshapandwa. Filbert alimpita bila salamu. Siku ya kumi na mbili tuta zima likachipua kwa pamoja, kijani kitupu, hakuna pengo hata la kidole.

Wageni wa wizara walipokuja, Agnesi aliamriwa akae stoo, maana gauni lake la kazi lilikuwa na viraka. Kupitia dirisha alimwona Filbert akipigwa picha kando ya tuta lile.

"Hongera sana, bwana," mgeni mmoja alisema. "Mbegu mliziloweka siku ngapi?"

Filbert akakohoa. "Kama... wiki hivi."

"Siku mbili!" Agnesi alipaza sauti kutoka stoo. "Na baridi wiki tatu!"

Wageni wote wakageuka kulitazama dirisha. Agnesi hakujificha.