Nyumba za Mtoni

Vuli ile ya mwaka 1972, familia za Wahindi zilizofukuzwa Uganda zilipokuwa zikisubiri kupata pa kuishi, Kalpana alipewa kazi ya kukaa na watoto kila alasiri katika ukumbi wa kanisa moja kaskazini mwa London. Alikuwa amefundisha shule ya msingi Jinja, na mama mmoja wa kamati ya kuwapokea wakimbizi alipouliza nani hapa ni mwalimu, mkono wake ulipanda wenyewe. Mumewe alikuwa kambini Austria, kwa kuwa pasi yake haikuwa ya Uingereza. Yeye aliingia London na mama mkwe wake, Bhanu, na masanduku yao.

Watoto walikuwa wa kila namna. Nyumbani wengine walisema Kigujarati, wengine Kipunjabi, na Kiingereza cha wale wadogo kilitosha kuombea maji tu. Lugha waliyochezea wote ilikuwa Kiswahili cha mitaa ya Jinja na Kampala, kwa hiyo Kalpana akawafundisha kwa hicho.

Vitabu havikuwapo. Siku moja Zephaniah, Mkenya aliyekuwa akitunza ukumbi huku akisomea uhasibu, alitoa kabatini projekta na boksi la slaidi.

"Ni za kijiji fulani Marekani, mwalimu," alisema. "Kiko kando ya mto. Zamani walikuwa wakiwaonyesha watoto wa shule ya Jumapili."

Walifunga mapazia. Mwanga ulipita juu ya vichwa vya watoto, vumbi likiogelea ndani yake, na ukutani pakatokea mto mpana, umetulia kama maziwa kwenye sufuria.

"Hiki ni kijiji kidogo," Kalpana alianza polepole. "Asubuhi ukungu hutoka mtoni ukapita barabarani, na watu huungoja upite kwanza ndipo watoke."

Hakujua maneno hayo yametoka wapi. Zephaniah alibadilisha slaidi. Nyumba za mbao, nyeupe, kila moja na baraza lake. Duka lenye mapipa ya tufaha mlangoni. Kivuko bapa kilichovutwa kwa kamba, na juu yake ng'ombe mmoja amesimama peke yake kama abiria aliyelipa nauli. Miti ilikuwa myekundu kabisa, na watoto wakauliza kama inaungua.

Kisha Tarsem, mwana wa seremala mmoja Mpunjabi, akasema kutoka gizani, "Mwalimu, nyumba yetu ni ipi?"

Kila siku watoto wale waliwasikia wazazi wakitajiana miji wasiyoijua, ya kuhamia. Kalpana alimtazama Zephaniah, na Zephaniah akaitazama projekta.

"Wewe unaipenda ipi?" Kalpana akauliza.

"Ile ya mlango wa buluu."

Baada ya hapo kila mtoto alitaka yake. Gulzar, msichana mwenye nywele ndefu, alichukua ya ghorofa. Wawili waligombea duka mpaka wakakubaliana kuwa ndugu.

Jioni, akiosha mchele katika jiko la pamoja, Kalpana aliona ameharibu. Kesho yake, kabla projekta haijawashwa, aliwaambia watoto kwamba kijiji kile kiko mbali sana na hakuna anayepelekwa huko.

Tarsem alimsikiliza kwa upole, kama mtu anayemvumilia mgonjwa. "Tunajua, mwalimu. Baba amesema sisi tunakwenda Southall. Lakini ya mlango wa buluu ni yangu."

Kwa hiyo waliendelea. Kijiji wakakiita Mtoni. Mvua ya London ilipiga madirishani, na ndani ya ukumbi ilikuwa daima asubuhi, mto ukipita bila haraka, watoto wamelaliana mabegani, wanatazama. Wakati mwingine Kalpana alisahau kusema, na hakuna aliyemkumbusha.

Bhanu naye akaanza kuja. Tangu wafike alikuwa akikaa mbele ya hita na koti lake mwilini, hasemi ila akiulizwa. Akachukua kiti cha nyuma. Siku ya tatu akasema, kwa Kiswahili cha sokoni Jinja, "Huyu mama mwenye kofia, kwa nini anaanika nguo upande wa kivuli?"

Watoto waligeuka wakamtazama.

"Anangoja mtu," alijijibu mwenyewe. "Kutoka pale anauona mto."

"Na wewe bibi, ipi yako?" Gulzar akauliza.

Bhanu alionyesha kijumba kidogo kando ya kivuko. "Hiyo. Mtu akivuka, lazima nimwone."

Kalpana aliinama kama anayetengeneza kiatu. Alijua mama mkwe wake anamngoja nani.

Halafu familia zikaanza kuondoka. Gulzar alipopelekwa Leicester, alimwita msichana mmoja mgeni akamkabidhi nyumba ya ghorofa, akamwonya kwamba ngazi moja hulia ukiikanyaga. Zamu ya Tarsem ilipofika, alikuja kuaga na koti la kupewa lililomfika vifundoni.

"Utamwachia nani yako?" Kalpana alimuuliza.

"Siiachi," Tarsem alisema. "Nitakuwa nikija jioni."

Kalpana alimfunga vifungo, akamkabidhi kwa baba yake.

Kuelekea Krismasi, Kalpana na Bhanu walipata chumba Kingsbury, juu ya duka la nafaka la Mgujarati aliyetoka Kisumu miaka michache kabla. Zephaniah aliwabebea masanduku mpaka kituo cha basi, akaahidi kuwatembelea, na kweli alikuja, mara nyingi. Kalpana alifanya kazi kiwandani akifunga vipuri vya redio, na baada ya miaka miwili alirudi darasani.

Mumewe alikuwa amefika mwezi wa Machi, miezi mitatu baada ya wao kuhamia Kingsbury, amekonda, sauti imepungua. Bhanu alimpikia wali na dengu laini, akaketi mbele yake akimtazama akila, asimuulize lolote. Mwanawe aliposhiba alilala palepale kwenye kochi, mchana mweupe. Bhanu akavua lile koti lake, akamfunika nalo, akaenda kumgongea jirani ukuta taratibu ili apunguze sauti ya redio.