Kibao cha Shangazi

Nyumbani walimwita Kobe, kwa sababu mgeni akibisha hodi yeye alijificha chumbani na hakutoa kichwa mpaka mgeni aage. Walidhani akikua tabia hiyo itamtoka. Sasa ndevu zilikuwa zimeota na Kobe bado ni Kobe. Juzi tu alimpungia mkono mtu aliyekuwa akimpungia mwingine, akaugeuza ule mkono kuwa wa kujikuna kichwa, akajikuna mpaka alipokata kona, watu wasije wakajua kwamba amekosea. Watu gani, hata yeye hakuwajua. Ila aliamini kabisa kwamba mtaa mzima umeacha shughuli zake ili kumchunguza yeye, utadhani ni waziri.

Na mtu wa namna hiyo, katika kazi zote duniani, akaenda kuchagua kuchora vibao vya maduka ukutani: kazi ya kupanda ngazi, kuwapa watu mgongo, na kuandika kwa herufi kubwa. Akilifikiria hilo alijicheka mwenyewe. Lakini kazi aliipenda kwa dhati. Alipenda jinsi brashi inavyopinda na tumbo la herufi, alipenda harufu ya rangi mbichi, na tangu aanze kujifunza hakutamani kazi nyingine.

Shangazi yake alipofungua duka la dawa, alimwendea fundi aliyekuwa akimfundisha Kobe.

"Kibao changu achore mwanangu," alisema.

"Sawa," fundi akajibu. "Akikiweza, namkabidhi ngazi, aanze kazi zake. Akikiharibu, atarudi kuosha brashi mpaka nisahau jina lake." Kisha akamgeukia Kobe. "Kila ukimaliza neno, shuka, vuka barabara, utazame. Ukiwa juu unaona herufi. Neno unaliona ukiwa ng'ambo."

Shida ni kwamba ng'ambo kulikuwa na benchi. Walikaa pale fundi viatu, dereva wa teksi ambaye Kobe hakuwahi kumwona na abiria, na mama muuza magazeti, wakipiga soga kutwa na kucheka kwa nguvu. Wanamcheka nani? Kwa Kobe hilo halikuwa swali. Basi akaona afanye ujanja. Akatundika turubai mbele ya ukuta, akajifungia nyuma yake na ngazi yake. Shangazi alipouliza, akasema anazuia vumbi. Humo ndani joto lilimpika, jasho likamwingia machoni, lakini barabara hakuvuka hata mara moja. Mstari wa kuandikia aliupima kutoka ukingo wa paa kwa uangalifu mkubwa, akajipongeza.

Turubai lilipoteremshwa, shangazi alisimama kando ya barabara, akainamisha kichwa upande mmoja. Paa la nyumba ile lilikuwa limelalia upande mmoja kidogo, jambo ambalo kila mpita njia aliliona isipokuwa mtu aliyejifungia nyuma ya turubai. DUKA LA DAWA lilianza vizuri kule juu, likashuka, likazidi kushuka, A ya mwisho ikabakiza kidogo iingie dirishani.

"Dawa zenyewe zinawakimbia wagonjwa," dereva wa teksi akasema kutoka kwenye benchi, na wenzake wakavunjika mbavu.

Safari hii walikuwa wanamcheka yeye, hilo halina ubishi. Siku aliyoiogopa maisha yake yote ilikuwa imewadia. Kobe alitamani ardhi ipasuke immeze, ardhi ikakataa. Alisimama pale na brashi mkononi, na kilichomuuma kuliko kicheko ni kwamba kibao kilikuwa kibaya kweli, na yeye mwenyewe ndiye aliyejiziba macho asikione. Baadaye kidogo benchi likarudi kwenye soga zake.

"Fundi anakuja kesho," shangazi akasema taratibu. "Nimwambie nini, mwanangu?"

"Mwambie aje jioni, shangazi. Asubuhi nakifuta."

Asubuhi akaupaka ukuta rangi nyeupe upya, akapiga mstari kwa pima maji badala ya kufuata paa, akaandika DUKA. Turubai aliliacha nyumbani. Akashuka, akasimama ukingoni mwa barabara kungoja magari yapite. Magari yakapita yote, barabara ikawa tupu, naye akaendelea kuyangoja. Mwishowe akapiga moyo konde, akavuka.

"Shikamooni."

"Marahaba," mama muuza magazeti akaitikia. "Leo umetoka kwenye hema?"

"Lilinipika, mama."

Wakacheka, naye kicheko kikamponyoka. Kisha akageuka kuutazama ukuta, na kwa sauti iliyotoka nyembamba kuliko alivyotaka, akauliza, "Mnalionaje?"

Fundi viatu akafumba jicho moja. "K imejitenga na wenzake. Kama imenuna."

Kobe akatazama. Ilikuwa kweli.

"Na D ina kitambi," dereva akadakia. "Ipunguze."

Kobe akaitazama D kwa muda mrefu, mpaka akasahau amesimama na nani. Tumbo lake lilikuwa mviringo, limejaa, vilevile alivyolitaka.

"K nitaisogeza," akasema. "D naiacha."

"Mimi nakwambia ina kitambi."

"Nimekusikia, kaka. Naipenda hivyo."

Akavuka kurudi. Nyuma yake dereva alisema jambo, wote watatu wakacheka. Hakugeuka. Alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akaifuta K.

Jioni fundi alikuja, akasimama kule kwenye benchi, mikono nyuma. Maneno yote yalikuwa yamenyooka. Kobe alikwenda kusimama kando yake.

"Hiyo D imenenepa," fundi akasema. "Nani kakufundisha hivyo?"

"Mimi mwenyewe, fundi. Naipenda."

"Mimi siipendi." Akaendelea kutazama. "Ila kibao kimesimama. Kesho njoo uchukue ngazi."

Fundi akaondoka zake. Kobe akabaki pale, akijishangaa. Mtu aliyemheshimu kuliko wote hakuipenda D yake, amelisema hilo mbele ya benchi zima, na yeye bado yuko hai, tena njaa inamuuma.