Vitambaa Alivyokwenda Kuvimalizia Ilagala

Jumapili ile Winfrida aliweka mezani bakuli la jamu ya mapera, ya kwanza kuipika maishani mwake. Wageni walikuwa mdogo wa mumewe na mkewe, kutoka Kasulu. Jamu haikuganda. Ilipopakwa kwenye mkate ilichuruzika hadi kwenye sahani, ikatulia pale kama uji wa mgonjwa.

Mumewe, Nikodemu, aliyestaafu kazi ya reli na tangu hapo akajifanya msimamizi wa kila sufuria nyumbani, alicheka mpaka akakohoa.

"Msishangae," aliwaambia wageni. "Mke wangu ni fundi wa kuanza."

Akaingia chumbani, akarudi na kiroba, akamwaga juu ya kochi kroshia zote ambazo Winfrida hakuzimaliza: kitambaa cha kochi cha upande mmoja, nusu ya kitambaa cha meza, shali ya mtoto isiyo na pindo, nyuzi zikining'inia. Mdogo wake akacheka. Mke wa mdogo wake aliinamisha macho.

Winfrida alivikusanya kimoja kimoja. Jamu haikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba alijua kila kitambaa kilikatikia wapi. Cha kochi alikiacha mama mkwe alipopooza, akawa wa kuogeshwa na kugeuzwa kitandani mpaka Mungu alipomchukua. Cha meza alikiacha wakati huyu huyu shemeji anayecheka alipoleta watoto wake wasome mjini. Shali ilikuwa ya binti yao Wema, ambaye sasa naye ni mama. Aliiweka chini Nikodemu alipovunjika mguu. Miaka yote hiyo hakuna aliyemcheka kwa kuuguza wala kwa kulea.

Asubuhi alichemsha chai, akajaza chupa, akabeba kiroba chake.

"Baba Wema, naenda Ilagala kwa Honorata."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Sasa utarudi lini?"

"Nikirudi utaniona."

Honorata, mdogo wake, mjane anayeuza dagaa, alisikiliza habari yote kisha akasonya.

"Na wewe dada ukanyamaza? Ungemuuliza mama yake aliogeshwa na nani."

Kuanzia siku hiyo Winfrida alifuma barazani kila dagaa wakishaanikwa. Mistari ya kwanza ilienda kombo, akaifumua, kisha vidole vikakumbuka. Mapera yalikuwa yakianguka nyuma ya nyumba, wakaamua kujaribu jamu tena. Sufuria ya kwanza iliungua, maana dada hao walikuwa wakimsema Nikodemu kwa hasira hata wakasahau kukoroga. Ya pili waliikamulia limau, wakaipika taratibu bila maneno mengi. Ikaganda vizuri.

Wiki ya pili Nikodemu akaja, shati halijapigwa pasi. Akapewa kigoda.

"Mama Wema, watu wanauliza kama tumeachana."

"Nawe unawajibu nini?"

Akakuna goti. "Mimi nilikuwa natania tu."

"Utani ni wa watani. Mimi ni mkeo."

Akamtandazia mapajani kitambaa cha kochi, kimekamilika, akamwambia kiliachwa kwa ajili ya nani. Akaweka juu yake cha meza, akamwambia hivyo hivyo. Nikodemu akavikunja taratibu.

"Nisamehe," alisema kwa sauti ya chini.

"Si hapa. Ulinidhalilisha mbele ya mdogo wako na mkewe. Wapigie."

"Sasa hivi?"

Honorata alishamnyooshea simu. Nikodemu akapiga Kasulu, sauti imefunguliwa wote wasikie, akasema alichotakiwa kusema huku akirukaruka maneno kama mtoto anayesomeshwa kwa lazima. Mdogo wake akabaki kuguna. Ndipo ikasikika sauti ya mkewe: "Shemeji, siku ile hata mimi iliniuma. Nikakosa la kusema."

Winfrida hakutabasamu. Hasira ilikuwa imepungua, haijaisha, naye hakuona sababu ya kuificha. Alimkaangia mumewe migebuka, samaki wa ziwani, baadaye akampa chapati na jamu. Akala tatu bila kuthubutu kutoa neno lolote juu ya chakula.

Kesho yake Nikodemu alipanda gari peke yake. Winfrida alibaki Ilagala mpaka shali ikapata pindo, maana alitaka walau kitu kimoja akimalize mahali ambapo hakuna anayemwita.